Kona ya Wasomaji: Chalbi Msimu Huu, Kilimia Kimezuka na Njia Zinakauka

Salamu nyingi wasomaji wangu. Nawaandikia nikiwa Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi huku Marsabit, kaskazini mwa Kenya, nimekaa chini ya mikoma, saa hii ni saa 3 asubuhi tu na jua tayari linachoma mgongo. Meseji zenu nimezisoma zote na nyingi zinauliza kitu kimoja, je, jangwa limefunguka tuje kupiga kambi? Limefunguka, ila si kote.

Masika yameisha huku. Bibi yangu kule Malindi alikuwa akituambia kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mwaka huu kilizama kwa mvua kweli, na sasa ukiamka saa 11 alfajiri ukiangalia mashariki unakiona kile kishada cha nyota kimerudi, na siku nzima hakuna hata wingu. Upepo nao umeanza. Ngamia waliokuwa wakinywa kwenye madimbwi ya mvua wameanza kurudi visimani, usiku unasikia zile kengele zao za mbao, tok tok tok, kutoka mbali kabisa. Hiyo kwangu ndo habari ya msimu, ngamia wakirudi visimani ujue madimbwi yamekauka.

Lakini wiki jana nilitembea kwa miguu mpaka ukingo wa ule uwanja wa chumvi nikakanyaga kwa kisigino. Juu ni gome jeupe gumu kama mkate wa juzi, nikakandamiza kidogo likapasuka, kisigino kikazama, na chini yake tope la kijivu linanata kama uji wa ulezi. Hiyo ni sehemu ambayo kwa macho ungeapa imekauka. Kwa hivyo mwezi huu wa Juni shikeni njia ya kando inayotumiwa na malori, katikati ya Chalbi pangojeni kwanza. Na hata Julai ikifika usikate mwenyewe, uliza wenyeji wamepita wapi jana. Haya, tuanze.

*Mimi ni baba wa watoto wawili, mmoja miaka 6 mwingine 9, tunaishi Thika. Likizo ya Agosti nataka kuwapeleka Chalbi walale kwenye hema waone nyota. Gari letu ni Probox. Itafika? Na watoto wataweza hilo joto?*

Baba, hongera kwanza kwa hilo wazo, watoto wengi wa Kenya wanajua jangwa la Sahara kwenye kitabu na hawajui kwamba nchi yao wenyewe ina jangwa.

Probox itakufikisha Marsabit bila wasiwasi. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 500 na yote ni lami, Isiolo, Archers Post, Laisamis, hadi mjini Marsabit. Zamani hiyo barabara ilikuwa inavunja malori, leo unaweza kuimaliza siku moja ukitoka mapema. Ila mimi nakushauri ulale Marsabit usiku wa kwanza, na beba masweta tafadhali, mji uko mlimani, asubuhi kuna ukungu na baridi watu wanatembea wamejifunika blanketi. Watu wakisikia jangwa wanabeba nguo nyepesi tupu alafu watoto wanatetemeka usiku wa kwanza.

Ukitoka hapo ukaacha lami ukashika njia ya Maikona, Probox iache Marsabit. Kuna mawe meusi ya volkano yenye ncha, yanachana taili pembeni pale ambapo hapazibiki, alafu ukimaliza mawe unaingia mchanga, ukimaliza mchanga unaingia udongo wa chumvi. Kodi Land Cruiser pale pale Marsabit pamoja na dereva anayeijua njia, na kama bei inauma tafuta familia nyingine mgawane, na kwa kweli magari mawili ni bora kuliko moja. Hakikisha lina taili 2 za spea, si moja, na jeki, na kipande cha mbao cha kuwekea jeki manake kwenye mchanga jeki inazama yenyewe, na beleshi, na kamba ya kuvutia, na pampu ya upepo. Kwenye mchanga dereva anatoa upepo mpaka kama PSI 18 au 20 taili inapanuka inashika, akirudi kwenye mawe anajaza tena. Ukiona dereva hajabeba pampu tafuta mwingine.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka mmoja mwezi wa Novemba nilikuwa na wageni 4, gari moja, na mimi ndo nilikuwa nimesema tunaweza kukata katikati tufike kabla ya jua kuzama. Mvua haikunyesha tulipokuwa, ilinyesha kwa mbali, upande wa vilima vya Hurri, tuliona tu radi. Maji yakateremka kimya kimya chini ya lile gome. Gari likazama mpaka kwenye milango. Tulikaa siku 2 na usiku 2, maji ya kunywa tulikuwa tunapima kwa kifuniko cha chupa, na waliotutoa ni vijana wa Kigabra, wafugaji wa huku, waliokuja na ngamia baada ya kuona taa tukiwasha na kuzima usiku. Tangu siku hiyo sijawahi kuingia Chalbi na gari moja, na sijawahi kukata katikati bila kuuliza.

Kuhusu watoto, wataweza, lakini ratiba yako iwe ya wenyeji. Mnatembea kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4, alafu mnakaa kivulini mpaka saa 10 jioni, mnalala, mnacheza karata, mnakunywa maji. Mtoto hasemi ana kiu mpaka ameshachelewa, kwa hivyo usimuulize, mpe tu kila baada ya muda. Kofia pana, mikono mirefu ya pamba, na viatu vya kufunika vidole. Beba pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini. Zikiisha, unatengeneza mwenyewe, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi hata kidogo. Mtoto akianza kuongea vitu visivyoeleweka au ngozi inawaka moto, mpeleke kivulini saa hiyo hiyo, mvue nguo, mlowanishe kwa kikoi chenye maji mpepee, na gari liwashwe kwenda hospitali. Usingoje aone nafuu.

*Tuko maboyz 6 wa Nakuru, tuna pikipiki, tunataka kuzunguka Marsabit, Kalacha, North Horr mpaka Loiyangalani siku 4. Maji tunahitaji kiasi gani au tutanunua njiani?*

Vijana, tufanye hesabu pamoja. Mtu anayeendesha pikipiki juani anahitaji lita 5 za kunywa kwa siku na hiyo si anasa, ongeza lita 3 za kupika na kunawa uso, ni 8. Nyinyi ni 6, kwa siku ni lita 48. Siku 4 ni 192. Na jangwani unabeba siku 2 za akiba, kwa hivyo jumla ni 288, yaani jerikeni 15 za lita 20, karibu kilo 290. Pikipiki zenu haziwezi kubeba hayo pamoja na mafuta na hema.

Kwa hivyo tafuteni gari moja liwafuate na maji na mafuta. Madukani Maikona, Kalacha na North Horr mtapata chupa za maji, ndio, lakini duka la kijijini limeleta maji ya kutosha watu wake, mkija 6 mkanunua katoni zote mama wa hapo mwenye mtoto mgonjwa atanunua nini kesho? Jazeni Marsabit kila kitu. Mafuta pia, ya chupa yanayouzwa kando ya njia yatumieni mkikwama tu.

Njia ya kujua kama mnakunywa vya kutosha ni mkojo. Ukiwa mweupe endelea, ukiwa rangi ya strungi simama kivulini unywe polepole, usimeze chupa nzima kwa mkupuo. Na pikipiki ikiharibika msiiache mkaanza kutembea. Pikipiki inaonekana kutoka mbali, mtu anayetembea haonekani. Kabla ya kutoka mwambieni mtu Marsabit mtafika wapi saa ngapi, na mkifika mpigieni, na mahali hakuna netiwaki, yaani sehemu kubwa, mpange kabisa kwamba asiposikia mpaka saa fulani aanze kuwatafuta. Ramani pakueni kwenye simu mkiwa bado mjini.

*Assalaam aleikum. Sisi ni Waswahili wa Muscat, kila mwaka tunapiga kambi kwenye mchanga wa Sharqiya na watoto. Tunakuja Kenya Desemba kuona ndugu, tunataka kuona Chalbi. Kuna tofauti gani?*

Wa aleikum salaam. Tofauti ni kubwa na nafurahi mmeuliza kabla ya kukata tiketi.

Huko kwenu msimu wa kambi unafuata joto. Mnatoka Bidiyah mnaingia mchangani kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, kiangazi kikija mnarudi mjini manake hakukaliki. Huku tuko karibu na ikweta, Chalbi iko kama nyuzi 3 tu kaskazini yake, joto la mchana halibadiliki sana mwaka mzima, linapanda nyuzi joto 35 na kuzidi. Kinachoamua msimu huku ni mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, na mvua yenyewe mwaka mzima ni kidogo sana, lakini ikija inakuja kwa siku chache na ile ardhi ya chumvi inageuka ziwa. Desemba mnaweza kuta pamekauka, mnaweza kuta maji yanameremeta mpaka upeo wa macho na hakuna gari linalopita. Kama safari inaweza kusogea, njooni Januari au Februari, au Juni mpaka Septemba.

Pili, msitegemee matuta makubwa ya mchanga kama ya Sharqiya. Yapo machache upande wa North Horr, mazuri, watoto watayateleza. Lakini Chalbi yenyewe ni uwanja. Wagabra wanasema jina lenyewe maana yake ni mahali patupu penye chumvi. Unasimama katikati na duara lote limekuzunguka, hakuna mti, hakuna jiwe, mchana sarabi inakuonyesha maji na ngamia wanaotembea hewani. Mimi nimeona mara nyingi na bado nasimama kuangalia.

Na kambi za huku ni za kawaida sana. Ni kiwanja chini ya mikoma karibu na chemchemi, choo cha shimo, bafu la ndoo, na saa zingine banda la kivuli. Hema, godoro, sufuria, yote mnabeba. Chakula cha halali hakitawasumbua, watu wengi huku ni Waislamu na adhana mtaisikia.

*Mwaka jana tulipiga kambi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, saa 5 usiku upepo ukachana hema letu la bei ghali, kampuni iliyotupeleka ikasema ni bahati mbaya. Ni kweli?*

Pole dada, lakini bahati mbaya haikuwa hapo. Upepo wa Turkana unajulikana, kila mtu wa huko atakwambia. Unapita kwenye mwanya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, unatoka kusini-mashariki, na nguvu yake inapanda usiku mpaka alfajiri alafu unapungua mchana. Ndo maana kule karibu wamejenga mitambo 365 ya umeme wa upepo, megawati 310, imeunganishwa kwenye gridi ya taifa tangu 2018. Mtu aliyewapeleka mahali pa namna hiyo na hema refu la kusimama na vile vigingi vyembamba vya kiwandani alipaswa kujua.

Ukirudi, chukua hema fupi, la chini. Ligeuzie mgongo upande wa kusini-mashariki, gari likingie hapo hapo mbele ya upepo. Vigingi viwe virefu vya chuma, na mahali pa mchanga havishiki, jaza vigunia mchanga uvifunge kamba uvifukie. Kamba zote za pembeni zifungwe hata kama jioni imetulia, hasa ikiwa imetulia. Pika kabla jua halijazama na baada ya hapo hakuna moto wa nje kabisa kabisa. Nyumba nyingi za pale ni za miti na majani ya mikoma, cheche moja ikiruka usiku kijiji kinaungua. Wageni wanapenda kuota moto, naelewa, lakini pale hapana.

Na usikite hema ufukweni. Ziwa limepanda miaka hii, makazi ya watu wa El Molo yamefunikwa na maji, na mamba ni wengi. Watoto wasicheze majini hata kama wenyeji wanaogelea. Yale maji pia yana magadi, si ya kunywa.

*Mimi naogopa nge. Naambiwa wanaingia kwenye hema. Mama wa Mombasa.*

Mama yangu, wapo, siwezi kukudanganya. Lakini nge hakutafuti wewe, anatafuta kivuli na wadudu. Zipu ya hema ifungwe saa zote hata ukitoka dakika 2, viatu vilale ndani na asubuhi uvikung'ute, usiweke mkono chini ya jiwe au kuni bila kuangalia, na usiku usitembee peku hata kwenda kujisaidia. Kuna tochi ndogo za mwanga wa zambarau, zile wanazokagulia noti, ukimulika nge nazo usiku anang'aa kijani kama taa. Zunguka hema nayo kabla ya kulala. Mara ya kwanza utashtuka, kuanzia ya pili utalala kwa amani kwa kuwa unajua wako wapi.

Akikuuma, osha, weka kitu cha baridi, meza dawa ya maumivu, na mtoto mdogo apelekwe hospitali mara moja. Nyoka ni tofauti. Akiuma mtu, alale atulie, asitembee, vua pete na bangili kabla ya kuvimba, usikate wala usinyonye wala usifunge kamba ya kubana, mbebe mpeleke hospitali ya rufaa Marsabit. Ndo sababu nyingine ya magari mawili.

*Tulilipa ada ya kambi kila kitu, lakini tulipoenda kisimani kuchota maji ya kuoga wachungaji wakatukaripia wakatufukuza. Mmoja wetu alikuwa anapiga picha tu. Hii ndo karibu ya watu wa huko? Sitarudi.*

Ndugu yangu, pole kwa kukaripiwa, na naomba unisikilize kwa sababu hili ndo jambo ninaloumia nalo kuliko yote kwenye hii kona.

Ulilipa kiwanja cha kulala. Kisima hukukilipia na hakiuzwi. Visima vya huku vina wenyewe na vina zamu. Mchungaji uliyemkuta pale huenda ametembea siku 2 na ngamia 30, wamekaa bila maji zaidi ya wiki, na zamu yake ni asubuhi ile tu, akiikosa anangoja tena na mifugo inalia. Ngamia mmoja mwenye kiu ya siku nyingi anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Sasa piga hesabu ya 30, na yanachotwa kwa mikono, kijana yuko chini anapitisha ndoo kwa mwenzake juu, wanaimba ili mwendo usivunjike. Ukiingia hapo na jerikeni yako na simu imenyooshwa, umevunja mwendo, umeshtua ngamia, na umepiga picha watu waliovua mashati wanaofanya kazi.

Na kuna jambo lingine. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu 5 mfululizo. Nilikuwa huku. Nilipita njia ya Maikona nikaona mizoga pembeni, mbuzi, ngamia, wamekauka na ngozi juu. Nilimjua mzee aliyekuwa na mbuzi 200 akabaki na 11, alikuwa anawaita kila mmoja kwa jina jioni. Watu waliopitia hayo hawaoni maji kama wewe na mimi tunavyoyaona. Ukitaka kuoga kwa maji ya kisima chake na hujamsalimia, anaona nini?

Njia iko na ni rahisi sana. Fika kijijini, simamisha gari mbali kidogo, shuka, salimia. Sema "nagaya", ni amani, watakujibu kwa amani. Omba kuonana na wazee, eleza mmetoka wapi mnakaa siku ngapi. Utaletewa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kunywa. Maji ukiyahitaji waambie, watakuelekeza mahali na wakati ambapo haumwingilii mtu, na mara nyingi watakuchotea wenyewe. Picha omba kwanza, ukikataliwa weka simu mfukoni. Usigawe peremende kwa watoto, unawazoesha kukimbilia magari. Ukitaka kuacha kitu, nunua mikeka na vikapu vya mikoma kwa akina mama, lipa bei waliyosema.

Na usikate mti hata mkavu bila ruhusa, njoo na gesi. Na mifuko ya plastiki, najua imepigwa marufuku nchi nzima tangu 2017 lakini bado naiokota kwenye miiba, mbuzi anaimeza anakufa tumbo limejaa. Takataka zote rudi nazo Marsabit.

Rudi ndugu yangu. Niandikie kabla hujaja, nitakupeleka mwenyewe kwa yule mzee.

*Dada wa Kisumu, nasafiri peke yangu. Usalama uko vipi kweli kweli? Nasikia mambo mengi kuhusu Marsabit.*

Dada, nakujibu wazi. Kumekuwa na mauaji na wizi wa mifugo, hali ilikuwa mbaya hivi kwamba mwaka 2022 serikali iliweka kafyu kaunti nzima. Kuna miezi ya utulivu na kuna wiki za wasiwasi, na mimi hapa siwezi leo kukuhakikishia hali ya siku utakayokuja. Ukifika Marsabit pita kituo cha polisi, uliza njia ya Maikona na ya North Horr siku hiyo, alafu uliza tena madereva wa malori stendi, manake wao wamelala njiani juzi. Ukisikia majibu mawili tofauti, lala Marsabit siku nyingine. Usisafiri usiku. Kuwa mwanamke peke yako hakutakuletea shida kubwa vijijini, vaa nguo ndefu na mtandio, na omba ukite hema karibu na boma la familia, wamama watakuchukua kama binti yao na asubuhi utaamshwa na chai.

*Shikamoo. Nina miaka 11, nasoma Meru. Mwalimu alisema Chalbi ilikuwa ziwa. Sasa maji yalienda wapi na samaki je?*

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako kasema kweli. Miaka kama 10,000 iliyopita mvua huku zilikuwa nyingi kuliko sasa na lile bonde lote lilijaa maji, na Ziwa Turkana nalo lilikuwa juu zaidi ya lilivyo leo. Watu walikuwa wanavua, vyusa vyao vya mifupa vimepatikana kuzunguka Turkana. Alafu mvua zikapungua polepole kwa muda mrefu sana, jua likayanywa maji, na chumvi haipandi juu na mvuke, ikabaki chini. Hiyo ndo chumvi nyeupe utakayoikanyaga, na ndo hiyo ngamia wanaletwa kuilamba.

Samaki walikufa na maji. Lakini ukija na wazazi wako, tembea ukingoni asubuhi mapema jua likiwa chini, inama kabisa, angalia kwenye udongo. Utaona vigamba vyeupe vidogo kama ukucha wako wa kidole cha mwisho. Ni vya konokono wa majini. Shika kimoja mkononi, kiangalie vizuri, ukihesabu mizunguko yake, kisha kirudishe pale pale ulipokitoa. Usisahau kofia, na niandikie ulihesabu mingapi.